Mama ameacha wosia kaburi lake lisisakafiwe: "Msinizibie njia." Wakristo wenzangu, nisaidieni

#1 Mzao wa Machame (mleta uzi)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mama yangu alitutoka mwezi wa pili akiwa na miaka 79. Tulimzika nyumbani Machame, Uchagani, kihambani (shamba letu la ukoo), chini kidogo ya migomba ya mshare aliyokuwa akiipalilia mwenyewe hadi mwaka juzi. Msiba ulikwenda vizuri. Usharika ulitushika mkono, vijana wa mtaa walichimba kaburi usiku kwa usiku na hawakudai zaidi ya chai. Hapo sina la kulalamika.

Kasheshe imeanza sasa. Kwetu, kama mnavyojua, kaburi hujengewa. Wengi husubiri Desemba, ukoo wote ukipanda kutoka mijini. Kaka yetu mkubwa yuko Dar, ameshanunua malumalu meusi boksi 14, yamefika, yako stoo ya nyuma. Fundi kapatikana. Jumapili iliyopita tumekaa kikao, dada yetu wa mwisho aliyemuuguza mama akasimama akasema: mama aliniagiza kaburi lake lisisakafiwe. Libaki udongo, pandeni masale na maua, basi. Dada alipomuuliza kwa nini, mama akajibu maneno mawili: "Msinizibie njia."

Kaka kwenye simu akacheka, akasema mgonjwa husema mengi. Dada akalia. Baba ana miaka 84, akanyamaza, na mnaomjua baba mnajua kunyamaza kwake si kukubali. Kikao kikavunjika hatujala hata mtori.

Sasa mimi sitaki mniamulie ugomvi wa familia. Nina swali la imani. Mazishini mchungaji alisema mama yuko na Bwana, na sote tukaitikia amina. Binti yangu ana miaka saba, alikuwepo kikaoni amekaa mlangoni. Usiku akaniuliza: "Baba, bibi si alishaenda? Sasa anarudi kupitia palepale tena?"

Nimekosa jibu mpaka leo.

#2 Kiti cha Mbele

Pole sana mkuu. Mimi nimekaa hapa, wajuvi waje.

#3 Fundi wa Pasua

Poleni kwa msiba. Mimi nimejengea makaburi kuanzia Himo hadi Boma Ng'ombe, nikupe ukweli wa kazi. Udongo wa kaburi hutitia. Ukisakafia mapema zege linakaa juu ya uwazi, masika ya kwanza yakipiga unaona ufa wa kupitisha kidole, halafu analaumiwa fundi. Mwili umelazwa mwezi wa pili, acheni udongo ukae. Na malumalu meusi kwa ukungu wa kule juu Machame yataota ukijani ndani ya mwaka, mwambie kaka.

Kuhusu ufufuo sina utaalamu. Ila kwa zege langu na nondo ninazoweka, sijawahi kuletewa malalamiko kwamba kuna aliyetoka.

#4 Mjini Daima

Fundi umeniua hapo mwisho, hahaha.

Mleta uzi, naheshimu marehemu mama, ila hoja yake haina mashiko. Bwana mwenyewe alizikwa kwenye mwamba, jiwe kubwa likawekwa mlangoni, likapigwa muhuri na askari wakalinda (Mathayo 27). Ilizuia nini? Wanawake walikwenda asubuhi wakiulizana nani atatuvingirishia lile jiwe, kufika wakakuta limeshavingirishwa. Mathayo anasema malaika alilikalia kabisa. Kwa hiyo jengeni kwa amani.

#5 Binti Uru

Kwa Yesu sawa. Kwa Lazaro je? Yohana 11:39, Yesu aliwaambia watu waliokuwepo waliondoe jiwe. Angeweza kulipasua kwa neno moja, aliwaachia wao ile kazi. Mimi namwelewa mama: mnaweka jiwe leo, siku hiyo nani ataagizwa aliondoe?

#6 Mjini Daima

Hapo dada umenikamata.

#7 Kilema1890

Mleta uzi, mwambie binti yako swali lake liliwahi kumtoa jasho Papa. Sitanii. Mwaka 1331 Papa Yohane wa 22, akiwa Avignon, alihubiri kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka siku ya hukumu ya mwisho, yaani wanangoja. Kelele zikawa nyingi, wanateolojia wa Paris wakampinga, na mwaka 1334, akiwa kitandani karibu na kufa, akaiacha kauli hiyo. Aliyemrithi, Benedikto wa 12, akafunga mjadala mwaka 1336: aliyekufa katika neema na asiye na cha kutakaswa anamwona Mungu tangu sasa, hangoji kiyama. Anayehitaji kutakaswa anapitia toharani kwanza.

Lakini angalia, hakufuta ufufuo. Aliyeko mbinguni leo, ukimwacha Bikira Maria ambaye kwetu amepalizwa mwili na roho, bado hajakamilika. Mtu si roho iliyovaa mwili kama koti, kwamba ukilivua umebaki mtu yuleyule. Mwili ni wewe. Mikono iliyopalilia migomba hiyo ni mama yenu. Ndiyo maana kila Jumapili tunasadiki "ufufuko wa miili". Kwa hiyo mtoto mwambie hivi: ndiyo, bibi ameenda, na ndiyo, atarudi kuchukua mali yake iliyoko kihambani.

Na msisahau kumwombea. Novemba 2 ikifika mtajeni.

#8 Tumaini Moja

Toharani tena? Hiyo imeandikwa wapi? Watu walianza kutozwa hela za kuwatoa ndugu huko, Luther akapigilia hoja zake 95 mwaka 1517. Tusirudishane nyuma.

#9 Kilema1890

Alichopinga ni biashara ya rehema, yaani kuuza msamaha wa adhabu za dhambi, na biashara hiyo hata sisi hatuitetei. Kuombea wafu kumo katika 2 Makabayo 12. Kwenye Biblia yako kitabu hicho hakimo, kwa hiyo tutakesha bure. Tuendelee na mama wa watu.

#10 Sabato Njema

Poleni sana wafiwa. Mleta uzi, samahani kwa kuuliza, mama alikuwa mzaliwa wa wapi? Hilo neno "msinizibie njia" halinukii Ulutheri. Bibi yangu Upareni alikuwa akilisema vilevile, na hakutaka hata kaburi lizungushiwe waya.

#11 Mzao wa Machame (mleta uzi)

Mkuu, umenishtua. Mama alizaliwa Upare, milimani kule upande wa Same. Aliletwa Machame akiwa binti wa miaka kumi na tisa, akaolewa, akabatizwa upya kwa utaratibu wa nyumbani kwa baba. Aliimba kwaya ya usharika miaka mingi. Sisi watoto tunajua tu kwamba kwao walikuwa Wasabato, na kwamba mjomba akija Jumamosi hali nyama ya nguruwe na hashiki jembe. Hatukuwahi kumuuliza mama anaamini nini. Ni aibu kusema, lakini ndiyo kweli.

#12 Sabato Njema

Basi nimeelewa, na nadhani mama yenu nanyi mtamwelewa.

Wamisionari Waadventista waliingia Upare mwaka 1903, Wajerumani. Bibi zetu walifundishwa hivi: mtu akifa amelala. Hayuko mbinguni, hayuko motoni, hatembei usiku, hamdai mtu mbuzi. Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote. Yesu mwenyewe alisema Lazaro amelala, mpaka wanafunzi wakadhani ni usingizi wa kawaida. Parapanda italia (1 Wathesalonike 4), waliolala katika Kristo watafufuka kwanza, palepale walipolazwa, na hapo ndipo watakapomwona Bwana kwa mara ya kwanza. Waovu nao watafufuliwa baada ya miaka elfu, wahukumiwe na kuangamia kabisa, si kuchomwa milele na milele.

Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kaburi ni kitanda. Hakuna bibi mwingine aliyeko juu anayewaangalia. Bibi ni huyohuyo mmoja na yuko hapo chini ya migomba, amelala. Sasa wewe mwanawe unakuja na nondo na zege juu ya kitanda cha mama. Ungekuwa wewe usingesema?

Mafundisho hayo kwa wazee wetu yalikuwa habari njema kwelikweli. Fikiria mtu aliyekuwa akiogopa mizimu maisha yake yote, anaambiwa marehemu wako hana hasira nawe. Amelala tu.

#13 Tumaini Moja

Na yule mwizi msalabani? "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Leo!

#14 Sabato Njema

Koma iliongezwa baadaye, ndugu. Kigiriki cha zamani hakikuwa na alama hizo. "Nakuambia leo, utakuwa pamoja nami." Tumeshalijadili hilo mara mia humu.

#15 Nyani Mzee

Mimi naona mtu akifa ameisha, mengine ni kujipa moyo. Lakini wosia ni wosia. Hata kama mbinguni hakuna mtu, aliyesema ni mama. Malumalu yarudi dukani.

#16 Mwinjilisti Mstaafu

Wanangu, nimewasoma wote, hata huyo Nyani, tena yeye kasema la maana kuliko baadhi ya washarika ninaowajua.

Nimesimama makaburini miaka mingi huku Kaskazini, nikamwaga udongo mara tatu juu ya masanduku ya mbao za mgravilia na juu ya masanduku ya vioo yaliyotoka Dar. Nitawaambia nilichokiona.

Kwanza, msimcheke mama kwa neno usingizi kana kwamba ni la Wasabato peke yao. Luther alilipenda sana. Alifundisha kwamba mtu aliyelala fofofo hajui usiku ulikuwa mrefu kiasi gani, anaamka anaona kama amefumba macho sasa hivi, ndivyo tutakavyoamka siku ya mwisho. Mahali pengine alisema walalao wako hai mbele za Mungu. Yote mawili yalitoka mdomoni mwake, hakujisumbua kuyapatanisha. Calvin, mwanamatengenezo mwingine wa wakati ule, ndiye aliyeona hatari, akaandika kitabu kizima mwaka 1534 kupinga usingizi wa roho. Na Wakristo wa kwanza waliosema Kigiriki waliyaita makaburi "mahali pa kulala". Jina hilo hata Waingereza na Wafaransa wanalitumia mpaka leo bila kujua wanasema nini.

Pili, sisi tukisema "yuko na Bwana" hatudanganyi. Paulo anasema hivyo Wafilipi 1:23, kwamba kuondoka ni kwenda kukaa na Kristo. Mimi nimelisema kwenye kila kaburi na nitakufa nikilisema. Lakini kaisomeni Imani ya Mitume polepole. Mtafute mstari unaosema "naamini roho yangu itakwenda mbinguni". Haumo! Kilichomo ni ufufuo wa mwili na uzima wa milele. Ile ya Nikea, kama ilivyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, nayo hivyohivyo, tunautazamia ufufuo wa wafu. Waliotuachia Imani walikuwa na nafasi ndogo ya maneno, na hilo ndilo walilochagua.

Kosa ni letu wahubiri. Msibani watu wanalia, unataka kuwafariji upesi, unakimbilia nusu ya kwanza: kaenda, kapumzika, anatuangalia. Nusu ya pili tunaiacha mpaka Pasaka. Miaka inapita, watu wanabaki na nusu. Mwishowe unakuta msomi wa chuo kikuu anaamini kwamba kufa ni roho kuponyoka kama ndege na mwili ni takataka, jambo ambalo Wagiriki wa kale walilisema kabla ya Kristo na mitume hawakulihubiri. Mama yenu aliishika nusu ya pili. Aliikuta kwa Wasabato, akaja nayo kwetu, akaiimbia kwaya miaka hamsini bila mtu kumsumbua.

Tatu, kuhusu kuombea wafu, nawapatanisha kidogo na huyo wa Kilema. Mwaka 1528 Luther aliandika kwamba si dhambi kumwombea marehemu faraghani, mara moja au mbili, kisha uache mikononi mwa Mungu. Sisi tumekuwa Walutheri kuliko Luther.

Nne, mwaka 1542 binti wa Luther, Magdalena, alikufa mikononi mwa baba yake, ana miaka 13. Mtu yule aliyetikisa Ulaya alilia kama mtoto. Alijua kila mstari niliowatajia hapa.

#17 Binti Uru

Asante baba mwinjilisti kwa hilo la mwisho.

Mimi nilizika mtoto wa siku tisa. Nilichoambiwa msibani ni "Mungu amempenda zaidi." Waliosema walikuwa watu wazuri, walipika, walilala nami chini siku nne. Lakini neno lile nililichukia na bado nalichukia. Kama Mungu alimpenda zaidi mbona asimpendee hapa mgongoni kwangu? Baadaye nikakuta 1 Wakorintho 15:26, mauti inaitwa adui. Adui wa mwisho. Si rafiki, si mjumbe, si mlango wa kuingilia. Adui. Na Yesu alilia kaburini kwa Lazaro huku akijua dakika kumi mbele atamtoa.

Nilipumua siku ile. Nilijua nina ruhusa ya kulia na bado nikaamini. Sina la zaidi.

#18 Kiti cha Mbele

🙏🏾

#19 Meku wa Rombo

Naona mmeongea Kigiriki na Kijerumani, hakuna aliyegusa Kichagga, na kaburi liko kihambani.

Wazee wetu mtu hawakumpeleka mbali. Zamani mwili ulizikwa ndani ya nyumba, baadaye mifupa ikafukuliwa na fuvu likawekwa migombani, chini ya masale. Warumu, yaani roho za wafu, walikuwa jirani. Walipewa pombe ya mbege, walichinjiwa, waliombwa radhi. Waliokumbukwa walikuwa na nguvu, waliosahauliwa walififia. Isale lenyewe mnajua kazi yake: ni jani la amani, mtu akikuletea akiomba msamaha huwezi kumfukuza. Mama yenu alikuwa Mpare kwa kuzaliwa, lakini kuomba masale kaburini ni Uchagga mtupu. Alikuwa amefika nyumbani yule.

Sasa sikilizeni la mgomba. Mgomba ukishazaa unakatwa, chipukizi anashika nafasi. Wazee waliona maisha ya mtu hivyo. Mimi nitalala, kihamba kitabaki, mjukuu atalitaja jina langu. Wengi wetu tuliobatizwa bado tunajifariji hivyo, tunadhani ndio ufufuo. Sio. Chipukizi ni mgomba mwingine! Ule wa kwanza umeoza, umekuwa mbolea. Wamisionari walipofika Kilema mwaka 1890 na Machame 1893 walileta habari ngeni kabisa: kwamba hata ukoo ukikatika, hata kihamba kikiuzwa kwa mtu baki, wewe mwenyewe utaitwa kwa jina lako. Mtu asiye na mtoto, ambaye kwa hesabu ya zamani alikuwa wa kufifia, akaambiwa hatafifia. Mnaona ilivyokuwa kubwa hiyo? Sisi tumeizoea, hatuisikii tena.

Mkitaka kujua mwili una uzito gani kwetu, waulizeni wa Old Moshi. Mangi Meli, mtawala wao, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na habari iliyorithishwa ni kwamba kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Uzao wake haujaacha kukitafuta. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba kule Berlin vilioanisha mafuvu machache na watu walio hai wa huku kwetu, ila la Mangi mwenyewe halikupatikana. Hawalitafuti kwa sababu Mungu atakosa pa kuanzia. Wanalitafuta kwa sababu mtu wao hajalazwa.

#20 Mvuvi Mstaarabu

Nauliza kwa unyenyekevu. Mjomba wangu aliondoka na meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Hatukumpata. Ziwani hakuna zege, hakuna masale, hakuna hata pa kuweka shada. Na huyo mnamwekaje?

#21 Kilema1890

Pole sana, na pole kwa miaka yote hiyo. Ufunuo 20:13, bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Yohana aliwataja wa majini kwa makusudi, kwa sababu walikuwepo waliouliza kama wewe.

Hofu hiyo maadui wa Kanisa waliijua. Mwaka 177 kule Lyon, Ufaransa ya leo, waliwaua Wakristo, wakachoma miili yao na kumwaga majivu mto Rhône, wakisema tuone sasa watafufukaje. Hawakumkomoa Mungu hata kidogo. Na karibu na kwetu, Mashahidi wa Uganda waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 hawakuacha mwili wa kusakafia. Kanisa halijawahi kusema wao wana nafasi ndogo. Ndiyo maana hata kuchoma maiti Roma iliruhusu mwaka 1963, mradi mtu asifanye kwa kuukana ufufuo. Ila majivu yasimwagwe ovyo wala yasiwekwe kabatini, mwaka 2016 walikumbusha hilo. Hata majivu ni mtu wa watu.

#22 Mvuvi Mstaarabu

Nimepokea.

#23 Tumaini Moja

Kwa hiyo kwa muhtasari zege ruksa?

#24 Binti Uru

Wewe bwana.

#25 Mzao wa Machame (mleta uzi)

Wakuu, narudi na mrejesho. Nilichelewa kwa sababu ya masika, huku umeme ulikuwa wa kubahatisha.

Niliyasoma maoni yenu kwa baba, karibu yote. Ya Mwinjilisti niliyasoma mara mbili, ya Nyani nikayaruka, akaniuliza mbona umeruka, nikarudi nikasoma. Akacheka. Jumamosi akaita kikao, kaka akawekwa kwenye simu sauti ya juu.

Baba akasema hivi, nanukuu kadiri ninavyokumbuka: "Mama yenu amepanda maharage kwenye hili shamba tangu nilipomleta. Sikuwahi kumwona anapanda halafu anashindilia." Akanyamaza. Tukadhani amemaliza. Akaendelea kwamba wakati wa ugonjwa mama alikuwa akimwomba amsomee 1 Wakorintho 15, lile eneo Paulo anasema unachopanda si mwili ule utakaokuwa, ila chembe tupu. Kila akifika hapo mama anasema "rudia". Kwa hiyo ile "msinizibie njia" mgonjwa hakuwa anaweweseka. Alikuwa anaongea kama mkulima. Hakuogopa Mungu ashindwe kupasua zege. Alitaka apandwe, asizikwe tu. Sisi sote tuliosoma hatukuliona, mpaka mzee wa darasa la nne.

Kaka kwenye simu alikaa kimya muda mrefu, tukafikiri mtandao umekata. Kisha akasema: "Mimi niliogopa watu wakija Desemba waone kaburi la udongo waseme hatukumjali." Hapo dada ndiye aliyeanza kumbembeleza yeye.

Tulichofanya: Fundi wa Pasua tulimtafuta, alikuja (asante mkuu, na bei yako ilikuwa ya kiungwana). Ameweka kingo za mawe pembeni tu, kimo cha tofali moja, ili maji ya mvua yasile udongo. Katikati pako wazi. Msalaba wa mbao, jina na miaka. Masale pembe nne. Mjomba kutoka Same alileta maua ambayo hatujui jina lake, anasema yanaota uani kwa bibi yetu.

Binti yangu alisimama anaangalia wanapopanda, akauliza: "Kwa hiyo bibi akitoka atayakanyaga?" Nikamwangalia baba. Baba akasema, "Atayakanyaga. Si ni yake?"

Mchungaji alipopita kusali nilimuuliza yuko na Bwana au amelala. Akasema, "Vyote, na bado." Sijui kama hilo ni jibu, ila sikumsukuma zaidi.

#26 Sabato Njema

Mbarikiwe. Mjomba mpeni salamu, mwambieni Sabato njema.

#27 Mwinjilisti Mstaafu

Nikipanda Machame nitapita nilione hilo kaburi. Nitakuja na isale langu.

#28 Kiti cha Mbele

Mkuu, samahani kwa kutoka nje ya mada. Yale malumalu meusi boksi 14, mliyarudisha dukani? Mimi niko Boma, nina kibaraza.

#29 Mzao wa Machame (mleta uzi)

Duka liligoma kuyapokea. Kumi na moja yameingia bafuni kwa baba. Yamebaki matatu, njoo uyaone.